Nyuzi Tatu Nilizozikata Siku ya Nikaha

Aibu hii ni yangu na sitaki kuigawa na mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Mambrui watu wanaisimulia kwa namna mbili, wengine wanasema kompyuta ilikuwa mbovu, wengine wanasema wanawake wa nyumba yangu hawana haya, na namna zote mbili ni uongo. Kompyuta ilikuwa nzima. Wanawake walikuwa ndani kwao na mlango umefungwa. Aliyeharibu ni mimi, Mbwana, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye cheti cha kidato cha nne na miwani ya kusomea, na kama kuna anayetaka kucheka basi anicheke usoni, maana nimechoka kuchekwa nikishapita.

Mjukuu wangu Rukia anafanya kazi ya kompyuta nyumbani. Anasikiliza maneno ya watu wa nchi nyingine halafu anayaandika, na kwa ajili ya kazi hiyo alinunua skrini mbili kubwa za kuweka mezani, mbali na ile iliyomo kwenye kompyuta yenyewe, ambayo ni ya kukunja kama kitabu. Mara ya kwanza nilipoziona nilimwuliza, "Macho unayo mawili, skrini tatu za nini?" Akacheka, akanieleza kwamba kila moja inaonyesha kitu chake. Ningelitia akilini neno hilo moja, kwamba kila moja inaonyesha kitu chake, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Baba yake, mwanangu Athumani, ni dereva wa lori Arabuni, na alikuwa hajatia mguu nyumbani miaka sita. Posa ya Rukia ilipokuja (kijana anaitwa Nassor, mwalimu, anafundisha Kilifi lakini watu wake wametoka visiwani upande wa Lamu, watu wa heshima na maneno machache), Athumani aliomba likizo akanyimwa. Alichopewa ni nusu saa ya kuegesha lori baada ya Alasiri ya kwetu. Rukia alilia siku moja, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu akaniambia, "Babu, sitaki maua wala keki ya ghorofa. Nataka baba aonekane na asikike. Akupe wewe uwakili wa kuniozesha, shehe amwone kwa macho yake, halafu abaki hapo hapo mpaka amsikie Nassor akisema nimekubali. Basi."

Hicho ndicho kilichokuwa mkononi mwangu siku ile. Nusu saa ya mwanangu na neno moja la mkwe wake.

Rukia aliipanga kazi yote mwenyewe. Kompyuta aliiweka juu ya meza ukumbini, karibu na dirisha linalotazama baraza, na kutoka hapo nyaya zikapita dirishani chini ya pazia. Skrini moja ilibaki ukumbini kwa wanawake, ya pili ikaja nje chini ya turubai kwa wanaume, juu ya kimeza tulichokitandika kitambaa cheupe. Pamoja nayo ikaja spika isiyo na waya, na kamera ndogo ya waya mrefu, ya kututazama na kutusikiliza sisi wanaume. Mpango ulikuwa hivi: kwenye skrini yetu angeonekana Athumani akizungumza nasi. Kwenye skrini ya wanawake ingeonekana picha ya baraza, vile kamera inavyotuona, ili nao waitazame nikaha bila kutoka nje. Mwanamume haoni ndani, mwanamke anaona nje. Niliusifu mpango ule kwa moyo wote.

Kabla ya kwenda kufungiwa kwa somo wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu (somo ni yule mama anayemfunda bi harusi, na huyu wetu ni mkali, simu yenyewe alimnyang'anya tangu jana yake), Rukia aliniita dirishani.

"Babu, kazi yako ni kukaa kitini. Nyaya usiziguse. Na kifuniko cha kompyuta kisifunguliwe, nimekiacha kimefungwa makusudi. Hii nayo ina jicho lake hapa juu, likifunguka litaona ukumbi mzima."

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "unamfundisha nani nyaya?"

Na hapa lazima niwaeleze, ili muone kiburi kilianzia wapi. Mimi nilikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya kitalii Malindi, enzi za ubao wa matundu, ambapo kila mgeni ana tundu lake na kila simu ina waya wake, na wewe umekaa na visikizio kichwani unachomoa huku unachomeka kule, Mtaliano wa chumba cha juu anataka Roma, mke wake anataka jikoni, na siku zote zile sikuwahi kumpeleka Mtaliano jikoni wala mke wake Roma. Kwa hiyo nilikuwa na msemo wangu ambao nyumba nzima ilikuwa imeuchoka, kwamba kompyuta ni simu iliyonenepa.

Adhuhuri hivi akaja rafiki yangu Kazungu kunisaidia kukaza kamba za turubai. Kazungu ni Mgiriama, Mkristo, alikuwa mpishi hoteli ile ile, na hajawahi kukosa shughuli yangu hata moja. Akasimama dirishani, akainua pazia, akazitazama nyaya pale zinapoingia kwenye kisanduku kidogo cha kugawia kilicho kando ya kompyuta. Rukia alikuwa amefunga uzi shingoni mwa kila waya. Mmoja mwekundu, mmoja mweusi, mmoja mweupe.

"Mbwana," akasema, "nyaya hizi zimefanyiwa zindiko na nani?"

"Zindiko gani?"

"Nyekundu, nyeusi, nyeupe! Kwetu ukizikuta rangi hizi tatu mahali pamoja huulizi fundi wa umeme. Unauliza mganga yuko wapi."

Alikuwa anatania, na akaenda zake kukaza kamba. Lakini neno limeshaniingia. Nikamfikiria Mzee Shali, baba mkubwa wa bwana harusi, ambaye siku ya posa aliisomea kahawa yetu dua za kinga kimyakimya kabla ya kuinywa (alidhani sikumwona). Nikamwona kwa mawazo amekaa barazani, jicho linafuata waya kutoka kwenye skrini mpaka dirishani, mpaka kwenye uzi mwekundu, na kesho yake huko kwao inasemwa kwamba kijana wao amefungwa kwa nyuzi na watu wa Mambrui. Nikasema hapana. Jina la nyumba hii halitaharibiwa na vipande vya uzi.

Nikaingia ukumbini na wembe. Wageni wa kike walikuwa hawajafika bado. Nyuzi zilikuwa zimefungwa karibu mno na plagi, wembe haupiti, kwa hiyo nikachomoa waya wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, nikazikata zote, nikazitia mfukoni. Mke wangu Bi Zuhura akatokea uani, mwiko wa pilau mkononi.

"Baba Athumani, Rukia amekwambiaje?"

"Endelea na pilau lako, mama. Hizi ni nyuzi za waganga. Mimi nimeunganisha simu za Wataliano."

Alisimama, mkono mmoja kiunoni, akanitazama mpaka nikamaliza, na mimi nikadhani ananistaajabia.

Sasa nyaya zimekaa uchi mkononi, na mbili za skrini zimefanana kama mapacha. Kando ya matundu niliona vinukta vya rangi, chekundu, cheusi, cheupe, nikadhani ni rangi ya kucha imedondoka, maana nyumba ilikuwa imejaa rangi za kucha na hina wiki nzima. Nikachomeka za skrini kwenye matundu mawili makubwa, hii huku na hii kule. Wa kamera nikauchomeka kwenye kitundu cha ukingoni kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na dirisha. (Rukia alikuja kuniambia baadaye kwamba kitundu hicho ni cha kuchajia simu tu, kompyuta haioni chochote kupitia hapo.) Skrini zote mbili zikawaka. Mimi kuwaka kulinitosha. Nikapuliza vumbi mezani, nikasema, "Iko sawa," nikatoka.

Alasiri ikaswaliwa. Wanaume wakaja barazani, shehe katikati, bwana harusi kando yake ndani ya joho, Mzee Shali na jamaa zake mkono wa kulia, watu wetu kushoto, na Kazungu nyuma na kofia niliyomwazima. Kahawa ikapita, halua ikapita. Wanawake nao walishajaa ndani, tunawasikia tu. Saa ilipofika tukasikia vigelegele vikubwa kutoka ukumbini, na kwenye spika yetu ya barazani ikatoka sauti ya mwanangu.

"Asalaam aleikum! Baba! Mbona siwaoni? Naona giza tu."

Nikaitazama skrini yetu. Giza. Wanawake wanamwona Athumani, wanampigia vigelegele, na sisi tuliokuja kumwona tumekaa mbele ya kioo cheusi kama watu wanaojitazama kisimani.

"Dakika moja tu, mwanangu," nikasema, nikainuka.

Kwanza nikaipiga kofi ubavuni, taratibu. Haikubadilika. Nikaizima nikaiwasha, ikawaka, ikarudi giza lile lile. Nikachomoa waya nyuma yake, nikaupuliza mara mbili, fuu, fuu, nikaurudisha. Nikamwambia Kazungu aangalie kama umeme unafika. Kazungu akachungulia chini ya kimeza, akasema kwa sauti ya baraza zima, "Taa inawaka, Mbwana. Umeme upo. Kilichokosekana ni fundi."

Watu wakacheka kwa adabu. Mzee Shali hakucheka, alitazama saa yake ya mkononi, na wallahi ile saa ndiyo iliyonimaliza. Nusu saa ya Athumani inakwenda, dakika kumi zimeshaliwa. Nikakumbuka kwamba kule hotelini simu ikikataa tulikuwa tunafungua kifuniko cha ubao na kutazama ndani, na kwamba nilichoambiwa nisifungue ni kifuniko, na kwamba aliyeniambia ni msichana wa miaka ishirini na tano. Nikasogea dirishani, nikapitisha mkono chini ya pazia bila kutazama ndani (adabu nilikuwa nayo, msinivunjie hata hiyo), nikapapasa meza, nikagusa sahani, nikagusa kichwa cha mtu kikakwepa, nikaikuta kompyuta, nikakiinua kifuniko.

Nyuma yangu baraza zima likavuta pumzi kwa pamoja. Nikageuka.

Skrini yetu ilikuwa imewaka vizuri, picha safi kabisa. Ilikuwa ni ukumbi wangu. Wanawake wote waliokuja na mabuibui wameyavua kama inavyostahili wakiwa peke yao, nywele wazi, mikono ina hina, wamekaa duara wanapiga makofi, na katikati ya duara yuko Bi Zuhura, mama wa watoto wangu, amevaa kofia yangu ya zamani na koti langu la kuendea benki, miwani iko puani kwenye ncha, ameinamisha mgongo kama mimi, na ameshika leso aliyoisokota kama waya.

Mnajua desturi zetu. Wanawake wakiwa peke yao harusini huigiza wanaume, na ni haki yao, mwanamume halioni jambo hilo na kwa hiyo halimuumi. Mimi nililiona. Tena nililisikia, kwa sababu kamera yetu ya nje ilikuwa imekufa kwenye kile kitundu cha chaji, na kompyuta ilipokosa jicho na sikio la nje ikatumia la kwake, likatoa yote kwenye spika ya barazani.

"'Unamfundisha nani nyaya?'" mke wangu anasema kwa sauti yangu, na ni sauti yangu hasa, mpaka kile kikohozi cha katikati. "'Kompyuta ni simu iliyonenepa! Fuu! Fuu! Iko sawa!' Halafu sasa ameshindwa, mkono unaingia dirishani kama pweza anatafuta shimo lake!"

Kicheko kikalipuka ndani. Barazani shehe alikuwa ameshajifunika uso kwa shali yake. Wazee wakageukia ukutani, safu nzima ya kanzu nyeupe, wengine mkono machoni, na bwana harusi maskini alikuwa ametumbukiza uso wote ndani ya joho. Kazungu naye alijigeuza kama wengine, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka.

"Izime! Izime hiyo!" mtu akapiga kelele.

Nikairukia skrini, nikabonyeza kidude cha chini, haikuzimika, ikaongeza mwanga. Nikabonyeza tena, ikang'aa zaidi, mke wangu akang'aa kama mwezi. Nikavua koti langu, nikaifunika skrini yote, nikasimama mbele yake na mikono nimeitanua. Macho yakapona. Masikio je? Sauti ya Bi Zuhura ikaendelea kutoka kwenye spika, safi, mbele ya wakwe:

"'Hizi ni nyuzi za waganga!' Ananyofoa, anakata kwa wembe, anatia mfukoni! 'Nyuzi za waganga!'"

Lile nililolikata ili lisisemwe lilikuwa sasa limesemwa kwa kipaza sauti.

"Waganga gani?" akauliza Mzee Shali, bado ameelekea ukutani.

Na kabla sijajibu, sauti ya mwanangu ikaingia, anacheka na huku ana wasiwasi. "Baba, mimi namwona mama tu. Nimebakiwa na dakika kumi na mbili, kisha lori linaondoka."

Mzee Shali akageuka polepole, akahakikisha koti limefunika, kisha akasema kwa ule upole wao unaokata, "Mzee Mbwana, sisi hatukuja kwa shari. Lakini kwetu nikaha ikingojewa wanawake hutulia. Naona wanawake wa nyumba hii waambiwe watoke mlangoni waombe radhi, na hilo la waganga lielezwe. Kisha tutaona kama tunaendelea leo au tunarudi siku nyingine."

Siku nyingine. Athumani hana siku nyingine. Nawaambieni, mpaka dakika ile nilikuwa mtu wa kuyeyuka, nilikuwa natamani ardhi inifiche, lakini niliposikia wanawake waombe radhi nikainua kichwa.

"Hawatoki," nikasema.

"Mzee Mbwana..."

"Hawatoki, Mzee Shali. Wako ndani mwao, mlango umefungwa, wanacheka. Aliyefungua mlango wao ni mimi kwa mkono huu. Nilikatazwa na mwenye kompyuta nikafungua. Na nyuzi ni hizi." Nikazitoa mfukoni, nikaziweka kwenye kitambaa cheupe mbele ya shehe. "Mjukuu wangu alizifunga ili kila waya ujulikane unaingia wapi. Mimi nikazikata kwa kuogopa kwamba wewe utaziona utadhani ni uganga. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomsikiliza yeye. Kama kuna wa kuomba radhi ni mimi, na radhi yenyewe siiombi hapa. Naiomba pale nilipokosea."

Nikaenda dirishani, nikalipa pazia mgongo wangu, nikapaza sauti kila mtu asikie.

"Bi Zuhura!"

Ndani makofi yakakatika. "Nani? Yule pweza?"

"Ni mimi. Mlikuwa mnaonekana huku nje. Mmeonekana nyote, na wewe umeonekana na kusikika. Nimekifungua kifuniko. Naomba radhi zenu nyote, mmoja mmoja."

Kisha nikasikia mabuibui yanavutwa, viti vinaanguka, mama mmoja anasema "Yarabi!" na mwingine anaanza kulia. Nilitaka kukimbia. Lakini dakika zinakwenda, na kitu kimoja kilikuwa kimeniingia akilini wakati ule nasikia aibu yangu kwenye spika: mke wangu alinitazama nikizichomoa nyaya, na alinitazama vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwa ametaka kuja kunicheka.

"Mama Athumani," nikasema, "nina haja na wewe. Uliponiigiza nikizichomoa. Ule wa uzi mwekundu niliuchomoa tundu gani?"

Nyuma yangu wanaume walikuwa wanasikiliza, wakwe na wote, mzee mzima anamwomba mke wake arudie kumdhihaki.

"Zuhura," nikasema tena, "mtoto anatuona giza. Rudia, tafadhali. Nicheke utakavyo."

Nikasikia hatua zake zinakuja mezani. Kifuniko kikafungwa, tap. Kisha, mkinikatalia shauri yenu, alianza kuzirudisha nyaya moja moja mwenyewe, kwa sauti yangu ile ile, na kikohozi: "'Mimi opereta wa Malindi! Nachomoa huu wa kwanza, mwekundu, katikati hapa...' Ondoa mkono wako dirishani, Mbwana. '...Mweusi, kulia. Mweupe, kushoto.' Na vinukta hivi alivyoweka mtoto, ulidhani ni nini?"

"Rangi ya kucha."

"Ni rangi ya kucha kweli. Aliiweka yeye, iwe alama."

Ndani mtu akacheka, yule aliyekuwa analia nadhani. Nikainua pembe ya koti langu kidogo, nikachungulia. Nikalivuta lote.

Athumani alikuwa amekaa ndani ya lori, amevaa sare, kichwa kimeanza mvi ambazo mimi sikuwa nimeziona. "Sasa nawaona," akasema. "Kazungu, hata wewe una kofia?" Shehe akamsogelea, akamwuliza maswali yake, na mwanangu akayajibu yote, kisha akasema neno lake kwa sauti isiyotetemeka: nimempa baba yangu Mbwana uwakili wa kumwozesha binti yangu Rukia kwa Nassor, kwa mahari waliyokubaliana. Shehe akasema amesikia, mashahidi wakasema wamesikia. Mzee Shali naye, bila kuulizwa, akasema, "Na mimi nimesikia," na akazikunja zile nyuzi tatu akanirudishia mkononi.

Shehe akaanza hotuba ya nikaha. Akaifupisha kuliko nilivyowahi kumsikia, nami nilimshukuru kimoyomoyo. Lakini alipofika karibu na mwisho, nikaona Athumani anatazama pembeni, mtu anamgongea mlango wa lori. Akainua mkono. Midomo yake ikasema kitu. Skrini ikabaki na jina lake tu.

Nikamwozesha mjukuu wangu. Nassor akasema nimekubali kwa sauti nzuri iliyofika mpaka uani. Baba yake Rukia hakuisikia.

Hilo ndilo linaloniuma, na sio lingine. Kofia, koti, pweza, hayo yote nimeyameza. Kuna waliokuja kunipa pole kwa sababu ya aibu, nikawaambia pole hiyo wabaki nayo. Nilimpotezea mwanangu zaidi ya dakika kumi na nane, na mbili tu kati ya hizo zingemtosha kulisikia neno alilokuwa akilisubiri.

Jioni ile ile nilikwenda kwa somo, nikabisha, nikamwomba aniruhusu nimwone Rukia kabla watu hawajamfikia na habari. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza na mikono yake yenye michoro myeusi ya piko mapajani, na nilipofika kwenye nyuzi akaniuliza, "Kwa hiyo uliogopa watu watasema?"

"Niliogopa."

"Na wamesema?"

"Wanasema mpaka sasa."

Kisha akasema, "Babu, ungeniuliza tu," na akalia, na hilo ndilo lote.

Sasa anakaa Kilifi, mtaa wa Kibarani, na Nassor, na meza yake na skrini zake mbili. Watu walidhani sitagusa tena kompyuta. Msikitini mzee mwenzangu aliniambia, "Mbwana, mambo haya waachie vijana," nikamjibu kwamba kilichoharibika siku ile hakikuharibiwa na umri wangu, kiliharibiwa na kutokuuliza, na kutokuuliza hata kijana anaweza. Nikienda Kibarani nakaa kwenye meza ile, Rukia ananionyesha, na kila Ijumaa namwita Athumani mimi mwenyewe, uso kwa uso. Kuchomoa waya ambao sikuuchomeka mimi, hilo nimeapa sitalirudia mpaka naingia kaburini. Kuacha kujifunza sikuapa.

Siku ya kwanza nilipofika kwake nilitoa mfukoni nyuzi tatu mpya. Nikamwomba ruhusa, akanipa. Nikazifunga moja moja, mwekundu, mweusi, mweupe, tena ndefu, zinaning'inia, mtu akiingia mlangoni anaziona kabla hajaona skrini.

Juzi jirani mmoja wa hapo Kibarani alikuja kuomba chumvi, akaziona, akasita. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, shikamoo. Samahani, hizo ni hirizi?"

"Marahaba," nikamjibu. "Ndiyo, ni hirizi. Ni za kuikinga nyumba hii na mimi."